MTOTO ALIYEZALIWA KANANGA ALIIMBIA UFARANSA. SISI JE?



Mmesoma tangazo la komite ya siku ya utamaduni. Kila klasi itatoa wimbo mmoja na mwimbaji mmoja wa mbele, na wengine watamwitikia. Mpaka pale hakuna maneno, tumefurahi. Lakini namba ya tatu inasema mwimbaji wa mbele sherti awe "mwenyeji wa klasi", na maana yake wameieleza wenyewe: aliyesoma hapa tangu mwaka wa kwanza. Kiisha namba ya tano inasema wimbo wa Kifaransa utaongezewa alama tano. Sisi wasimamizi wa wanafunzi, tulio finalisti mwaka huu, tumezungumza juu ya namba hizo mbili siku nyingi. Tumeona heri tuandike kuliko kunung'unika pembeni kama wake wa jikoni wanaogombania chungu.

Hatutaki kugombana na komite. Walio ndani yake ni wenzetu, tena wawili wao ni wa klasi yetu. Lakini tunaona hawajafikiri mpaka mwisho, na ili tuwaonyeshe, tutapita njia ndefu kidogo, mpaka Ulaya. Mvumilie.

Huko kuna mashindano makubwa ya nyimbo yanayoitwa Eurovision. Yalianza tarehe 24 Mei 1956 katika mji wa Lugano, inchi ya Uswisi. Inchi zilizoshindana zilikuwa saba tu, na wimbo wa kwanza kushinda ulikuwa wa Kifaransa, "Refrain", ulioimbwa na Lys Assia wa Uswisi. Tangu pale yamefanyika kila mwaka, isipokuwa 2020 juu ya ugonjwa wa korona. Sasa kila inchi inatuma wimbo mmoja usiopita dakika tatu, kiisha wanapeana alama. Alama kubwa ni 12, na inchi haina ruhusa ya kujipa alama yenyewe. (Kama klasi zetu zingekatazwa kujipigia makofi zenyewe, masikio yetu yangepumzika.)

Basi, tarehe 7 Mei 1977, mashindano yalikuwa London. Yalitakiwa kufanyika mwezi wa nne, lakini wapiga picha wa televisheni ya Uingereza waligoma, ikawa kungoja. Inchi 18 zilikuwa pale. Ufaransa ilimtuma msichana anayeitwa Marie Myriam na wimbo "L'oiseau et l'enfant", maana yake Ndege na Mtoto. Maneno yaliandikwa na Joe Gracy, muziki na Jean-Paul Cara. Msichana alisimama, akaimba, hakurukaruka. Mwisho wa kuhesabu alikuwa na alama 136, Uingereza wenyewe wenye nyumba walikuwa wa pili na alama 121. Kesho yake, tarehe 8 Mei, alitimiza miaka ishirini.

Sasa sikieni. Ushindi ule ulikuwa wa tano kwa Ufaransa, baada ya ile ya 1958, 1960, 1962 na 1969. Na tangu siku ile mpaka mashindano ya 2025 Ufaransa haikushinda tena hata mara moja. Walituma wanaume, wanawake, vikundi, wenye gitaa na wasio na gitaa. Mwaka 2021 Barbara Pravi alikaribia sana, akawa wa pili. Lakini kikombe cha mwisho ni kile cha 1977.

Na yule Marie Myriam alizaliwa wapi? Alizaliwa Luluabourg, Kongo ya Wabelgiji, mwaka 1957. Luluabourg ndiyo Kananga ya leo. Jina lilibadilishwa mwaka 1966. Wazazi wake walikuwa Wareno. Mtoto wa Wareno, aliyezaliwa Kasai, akaimbia Wafaransa, akawaletea kile ambacho wazaliwa wa Paris wameshindwa kukileta miaka karibu hamsini.

Tulipowaambia wenzetu maneno haya, mmoja alicheka, akasema: "Ule alikuwa muzungu, hana maneno na sisi." Ni kweli, na hatutaki kujitia utukufu usio wetu. Mwaka 1957 mtoto wa mzungu pale Luluabourg hakulala kwenye mtaa mmoja na watoto weusi. Mji ulikuwa na upande wao na upande wetu. Hatusemi kwamba Kongo ilishinda Eurovision. Mwaka ule wa 1977 inchi yetu iliitwa Zaire, na majina ya Kikristo yalikuwa yamekatazwa kwa raia tangu 1972. Kama angekuwa raia na kusoma Kananga, lile "Marie" lingefutwa kwenye karte yake ya shule! Hapana, hatumdai. Tunauliza jambo lingine: wale waliomtuma London walimuuliza nini? Walisikia sauti, wakaona anaishi kwao, basi. Hawakumwambia: wewe hukuanza hapa tangu mwaka wa kwanza.

Kuna neno lingine juu ya mji ule wa kuzaliwa kwake, na hili ndilo linatugusa watu wa Ituri. Mwaka 1959, yeye akiwa mtoto wa miaka miwili, Luluabourg iliwaka moto. Walulua na Baluba, watu waliokaa pamoja, waliooana, wanaosikilizana lugha, walianza kuulizana nani ni mwenyeji na nani amekuja juzi. Baluba wengi sana walifukuzwa, wakaenda Bakwanga, ile inayoitwa Mbuji-Mayi leo. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuiona Bakwanga. Waliambiwa "rudini kwenu", na kwao palikuwa pale pale walipofukuzwa.

Je, hatujui sisi mambo hayo? Vita vya hapa tangu 1999 mpaka 2003 wazazi wetu walivipita kwa magoti. Kiisha mwisho wa 2017 Djugu ikawaka tena, na watu walishuka Bunia na godoro kichwani, wengine wakavuka ziwa Albert kwa mitumbwi mpaka Uganda. Wengi wetu tunaosoma gazeti hili tunajua harufu ya hema ya wakimbizi, hata kama hatuisemi. Na hapa masomoni, katika klasi zote kuanzia ya kwanza mpaka ya sita, kuna wenzetu waliokuja katikati ya mwaka na buletini iliyolowa, ao bila buletini kabisa, kwa kuwa shule yao iliungua. Prefe aliwapokea, akawaandika. Wanakaa kwenye mabenchi yale yale, wanachapwa na mvua ile ile ya paa lile lile linalovuja pale klasi ya tatu B. Wanafanya salongo kama sisi, kufyeka majani na kuchota maji. Hata siku moja hatujasikia mtu akisema: wewe si mwenyeji wa klasi, weka kupa-kupa chini, usifyeke. Ni siku ya kuimba tu ndipo wanakuwa wageni.

Kuna mwenzetu mmoja, jina lake tunalinyamazia. Alikuja mwaka jana. Kila mtu anayehudhuria ibada ya asubuhi anamjua kwa sauti, hata yule anayesinzia kwenye benchi la nyuma. Klasi yake ilimchagua kwa mikono yote, kiisha tangazo likatoka, na mtu wa komite akamwambia angoje mpaka mwaka kesho. Mwaka kesho! Nani hapa Ituri anajua mwaka kesho atakuwa kwenye shule gani?

Sasa tuwe wa haki. Komite wana sababu yao, na si mbaya. Wanasema: tukifungua mlango, klasi zitaanza kukodi waimbaji kutoka nje, kama vile timu za mpira zinavyookota wachezaji barabarani na kuwapa jina la mwanafunzi mgonjwa. Mambo hayo yako, tumeyaona kwa macho, na hatutataja timu.

Tena hata Ulaya yalikuwa. Chukueni inchi ndogo ya Luxembourg. Ilishinda Eurovision mara tano: 1961, 1965, 1972, 1973 na 1983. Mara zote tano aliyeimba hakuwa Mluxembourg. Wanne walikuwa Wafaransa, yaani Jean-Claude Pascal, France Gall, Anne-Marie David na Corinne Hermès, na mmoja, Vicky Leandros, alikuwa Mgiriki. Mwaka 1988 Uswisi nao walimtuma Céline Dion, ambaye ni wa Kanada, wakashinda Uingereza kwa alama moja tu, 137 kwa 136. Sheria ya mashindano yale haiulizi mwimbaji ni raia wa wapi, basi kila mtu alitafuta anapoona. Kama komite wanaogopa "Luxembourg" katika shule yetu, tunawaelewa kabisa, hata sisi hatuitaki.

Lakini tazameni vizuri tofauti. France Gall aliitwa kuimba, akaimba, akarudi Paris na kikombe kikabaki Luxembourg. Huyo ni wa kukodi. Marie Myriam hakuitwa kutoka Kananga wiki moja mbele ya mashindano. Alikuwa amekulia Ufaransa, anaishi pale, kazi yake ilikuwa pale. Mahali pa kuzaliwa ni jambo moja, mahali ulipo mwili wako na kazi yako kila asubuhi ni jambo lingine. Komite wamechanganya hayo mawili katika chungu kimoja. Mwanafunzi aliyekimbia Djugu na kuandikwa hapa si France Gall wa mtu yeyote. Hana Paris ya kurudi.

Na si Marie Myriam peke yake. Mwaka 2010, kule Oslo, Ufaransa ilimtuma Jessy Matador, na huyu hakuna atakayesema ni mzungu: alizaliwa Kinshasa mwaka 1982. Wimbo wake "Allez Ola Olé" ulikuwa wa Kifaransa, lakini miguu ilikuwa ya kwetu. Televisheni ya Ufaransa iliuchukua tena kwa kutangaza Kombe la Dunia la Afrika ya Kusini mwaka ule ule. Alipata alama 82, akawa wa 12. Juu ya uchezaji wa kiuno uliokuwa jukwaani hatusemi neno, maana karatasi hizi zinasomwa ofisini kabla ya kufika kwenu.

Mwaka 2021 kule Rotterdam, Sweden iliimbiwa na kijana anayeitwa Tusse. Alizaliwa Kongo. Akiwa na miaka mitano alikimbia vita pamoja na mtu wa jamaa yake, wakakaa miaka mitatu katika kambi ya wakimbizi Uganda, kiisha akafika Sweden. Alikuwa wa 14 na alama 109. Mwaka uliofuata, 2022, mjini Torino, Ubelgiji ulimtuma Jérémie Makiese, mtoto wa wazazi Wakongomani, aliyekuwa pia kipa wa mpira. Akawa wa 19. Nambari hizo si kubwa, tunajua, na mtu mwenye mdomo mkali atasema Wakongomani wanapenda kumaliza katikati. Lakini fikirini yule Tusse. Miaka mitatu kambini, ng'ambo ya mpaka ambao wengi wetu wana ndugu upande wa pili. Kama angekuja kwetu badala ya kwenda Sweden, tangazo letu lingemwambia angoje mwaka kesho.

Tuje sasa kwenye namba ya tano, ile ya alama tano za Kifaransa. Hapa tutasema kwa kifupi, ijapo tuna mengi.

Hatuchukii Kifaransa. Ndicho tutakachojibia Egzamen ya Serikali, na wengi wetu tunakiogopa kwa haki. Mwalimu wetu wa Kifaransa ndiye aliyetusikilizisha wimbo wa Marie Myriam katika simu yake, akatufundisha namna anavyotamka kila neno likasikika mpaka mwisho. Tulisikia faida. Mtu akitaka kuimba Kifaransa, aimbe, tena aimbe vizuri kama yule. Lakini kumwongezea alama kabla hajafungua kinywa, juu gani?

Wafaransa wenyewe hawana uhakika huo. Mwaka 2008 walimtuma Sébastien Tellier na wimbo ambao maneno yake mengi yalikuwa ya Kiingereza, na wabunge wakapiga kelele. Mwaka 1992 walimtuma Kali wa Martinique aliyeimba pia Kikreole cha kwao, 1996 wimbo wa Kibretoni, 2011 wa Kikorsika. Hizo ni lugha ambazo zamani mtoto wa Ufaransa aliadhibiwa kwa kuzisema shuleni, sawa na wazazi wetu wengine walivyovalishwa alama shingoni juu ya kusema lugha ya nyumbani.

Katika Eurovision kulikuwa na sheria, tangu 1966, kwamba kila inchi iimbe lugha yake. Iliondolewa 1973, ikarudi 1977, ikaondolewa tena 1999. Baada ya pale karibu wote walikimbilia Kiingereza, wakifikiri ndicho chenye alama. Makiese naye aliimba Kiingereza, na waliomtuma ni televisheni ya Wabelgiji wanaosema Kifaransa! Lakini mwaka 2017 Mreno Salvador Sobral aliimba Kireno, polepole, bila moto na moshi, na Ureno wakashinda mara ya kwanza tangu waingie mwaka 1964. Mwaka 2021 wa kwanza aliimba Kiitalia, wa pili Kifaransa, wa tatu Kifaransa. Mwaka 2022 ilishinda Ukraine kwa Kiukraine. Hakuna aliyeongezewa kitu juu ya lugha. Ilikuwa sauti na wimbo.

Katiba yetu ya 2006 inasema Kifaransa ni lugha rasmi, na inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Mwaka 2023 Kinshasa ilipokea Michezo ya Francophonie, ndani yake mlikuwa na mashindano ya nyimbo, na sisi sote tulijivuna. Vizuri. Lakini siku ya utamaduni ya shule yetu si Francophonie. Wanaokuja kusikiliza ni wazazi, ni mama wanaouza samaki wa Kasenyi na mihogo sokoni. Tunasemaka nao Kiswahili, Kiswahili hiki chetu kilichopinda ambacho watu wa Tanzania wanakichekaka. Wao ndio watakaa kwenye jua saa tatu. Mama akimsikia mtoto wake anaimba neno ambalo halijui, anapiga makofi juu ya upendo. Akimsikia anaimba neno analolijua, analia. Tumeona yote mawili, na tunajua lipi tunalitaka.

Wengine wataogopa: tukiruhusu lugha zote kwa alama sawa, si kila mmoja ataimba ya kabila lake, na ugomvi utazaliwa? Tumeliwaza neno hilo kwa uzito, maana hapa kwetu si neno la kuchezea. Jibu letu ni kwamba lugha na kabila havifungwi kwa kamba moja kama watu wanavyodhani. Wahema wengi wa Djugu lugha yao ya nyumbani ni Kilendu, kila mtu anajua. Vita havikuanzishwa na wimbo. Tena mwaka juzi klasi moja iliimba kwa Kialur, na waliocheza zaidi hawakuwa Waalur. Wenye kutaka ugomvi wataupata hata ndani ya Kifaransa, kina maneno ya kutosha.

Basi tunachoomba ni hiki. Namba ya tatu iandikwe upya: mwimbaji wa mbele ni mwanafunzi yeyote ambaye jina lake liko katika daftari la klasi na ambaye huitikia asubuhi wanapoitwa majina. Daftari liko kwa katibu wa shule, mtu wa kukodi hatapita, na sisi wasimamizi tunajitolea kusimama mlangoni na orodha siku yenyewe. Kama komite wanataka muda, waweke miezi miwili ya kuandikwa, tutakubali, ingawa hatupendi. Namba ya tano ifutwe. Na yule mwenzetu tusiyemtaja aambiwe mapema, kwa sababu klasi yake imekwisha kumtafuta mwimbaji mwingine, na huyo mwingine, tunasema bila ubaya, anaimba kama mlango wa stoki.

Tunawangoja komite Jumatano saa ya pumziko, katika klasi ya sita. Mazoezi yanaanza Jumatatu inayofuata.

Ni sisi wasimamizi wa wanafunzi, mwaka wa mwisho, Bunia.